Raketi Saba na Paji la Uso la Mkuu

Mwanaidi, mjukuu wangu anayefundisha shule ya msingi kule Masasi, kanitumia ujumbe kwenye simu. Hakuanza na shikamoo. Kaanza hivi: "Bibi, nyuzi za raketi zinakaa muda gani? Zangu zimekatika na hata mwezi hazijatimiza." Shikamoo ikafuata baadaye, peke yake, na picha ya ua. Nikamjibu marahaba, kisha nikaweka simu chini nikacheka. Swali hilo nimeulizwa miaka yote niliyotunza stoo ya michezo ya chuo kimoja hapa Newala, na kila aliyeniuliza alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa.

Chuo chenyewe sikitaji. Mtaona kwa nini. Ila jibu nalitoa hapa kwa Mwanaidi na wenzake wote mnaocheza mpira wa vinyoya, nisije nikarudia kwa kila mmoja. Nisomeni taratibu, maana mimi nikianza kusimulia natoka njiani, naokota kuni, kisha narudi.

Jibu fupi si langu, ni la Mzee Halfani aliyenifundisha kazi. Alikuwa akisema: hesabu unacheza mara ngapi kwa wiki, na nyuzi uzibadilishe mara hizo hizo kwa mwaka. Ukicheza mara tatu kwa wiki, basi mara tatu kwa mwaka. Anayecheza kila jioni mpaka mkewe anamsahau sura, huyo asiulize, aende kwa fundi kila zikikatika. Na yule anayenunua raketi akaitundika ukutani wageni waione, nyuzi zake nazo zinakufa, ila zinakufa kimya. Hilo la mwisho alikuwa akilisema na mimi naitikia tu, sikulielewa kwa miaka mingi.

Mzee Halfani hakuwa mtu wa michezo. Alikuwa fundi wa kuwamba vitanda vya kamba. Alikaa mtaa wa nyuma ya soko, na kazi yake aliifanyia barazani, mguu mmoja umekanyaga fremu ya kitanda, mikono inavuta kamba, mdomo unamsema mtu. Chuo wakati ule kilikuwa na raketi saba. Nyuzi zikikatika, raketi zilipelekwa Dar es Salaam kwa basi, na huko zilikaa mpaka watu wanasahau zilikuwa za nani. Siku moja Mkuu wa chuo akapita pale barazani, akamkuta mzee anavuta kamba, akasimama kumtazama. Mwisho akatoa raketi ndani ya gari.

"Mzee wangu, na hiki unakiweza?"

Mzee Halfani akaigeuza, akahesabu matundu, akamrudishia. "Hiki ni kitanda cha panya. Lete nyuzi."

Mimi nilikuwa kibarua wa stoo. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mipira, kushona nyavu, kufagia, na kumpelekea mzee raketi kisha kuzirudisha. Huko kupeleka na kurudisha ndiko kulikonifanya fundi, maana mzee hakupenda mtu akae bure barazani kwake. "Somoe, umekuja kutazama harusi? Shika hapa." Nikashika. Nilishika hapo miaka mingi.

Mashine hatukuwa nayo. Fremu aliibana kwenye benchi kwa vibao viwili na mpira wa baiskeli. Uzi aliuzungusha kwenye kijiti, akauvuta kwa mwili mzima, kisha akaukazia tunduni kwa ncha ya shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, usirudi nyuma wakati anavuta wa pili. Akimaliza uzi mmoja aliupiga kwa ukucha na kuinamisha sikio. "Huu unasema. Huu bado una usingizi." Mkazo wa kilo ngapi, hatukujua. Miaka ya baadaye chuo kilipoletewa mashine yenye mshale, fundi aliyeileta alimtania mzee avute uzi kwa mkono halafu waupime. Mzee akavuta mara tatu, na mara zote tatu mshale ukakaa pale pale. Yule fundi akaomba maji ya kunywa. Hakujua kwamba Newala, kwa uhaba wa maji, ukiyaomba unaweza kuanzisha ugomvi.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. Nyuzi za wima ukishazifunga, za kulala unazipitisha juu, chini, juu, chini, kama mtu anayesuka mkeka. Mimi nikapitisha moja juu mara mbili. Nilikuwa nimebakiza nyuzi nne tu nimalize, nikasema moyoni nani ataona. Mzee akaitazama raketi kwa mbali, hata hakuinuka. "Fungua."

"Mzee, mchezaji hataona."

"Mchezaji hataona. Uzi utaona. Fungua."

Siku nyingine nilichokora tundu kwa shazia kwa pupa, nikauchubua uzi uliokuwa umeshapita humo. Haukukatika hapo. Ulisubiri mpaka nimevuta wa mwisho, nimeinama kujisifu, ndipo ukaachia na kunipiga puani. Mzee akasema pua imejifunza, sasa tuone mikono. Kwa hiyo, vijana, raketi ikikatika siku ya kwanza pale tunduni, na hamjapiga kinyoya hata kimoja, mtazameni fundi wenu puani.

Sasa, kwa nini zinakatika. Mwanaidi, kabla hujamlaumu mwenye duka, tazama zimekatikia wapi. Nyuzi za wima na za kulala zimepandana, na kila unapopiga kinyoya zinasuguana. Mwishowe zinachimbana vijifereji, uzi unamaliza uzi mwenzake wa nyumba moja. Zikikatika katikati, na penye ncha ukaona hicho kijifereji, jua zimekufa kazini. Usilie, wala usimgombeze mtu. Lakini zikikatika juu, karibu na fremu, na bado mpya zinang'aa, aliyezikata ni wewe mwenyewe. Umepiga kinyoya pembeni.

Nilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuja stoo mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila mara akidai nimemwekea nyuzi mbovu. Mara ya tatu nikamtolea bahasha. Nilikuwa nimemtunzia nyuzi zake zote zilizokatika. Nikazitandaza mezani.

"Mwalimu, zote hizi zimekatikia hapa juu, kushoto. Raketi ina katikati."

"Katikati naijua, Mama Shaibu. Nafundisha hesabu."

"Basi uitembelee."

Hakusema nami mpaka mwezi wa Ramadhani, aliponiletea tende.

Yapo na mengine. Tazama vile viplastiki vidogo kwenye matundu ya fremu. Vikipasuka, uzi unalalia chuma na chuma hakina huruma. Tazama unapoilaza raketi yako. Ukiiweka chini ya bati mchana kutwa, au ndani ya gari lililofungwa vioo, nyuzi zinalegea na kuzeeka kabla ya siku zake. Na mkazo, jamani. Mnamwona bingwa kwenye simu, mnakuja kwa fundi mnataka mkazo kama wake. Bingwa ana bega la kazi hiyo, na fundi wake amekaa pale pembeni ya uwanja anamsubiri. Wewe fundi wako yuko Mtwara na basi haliondoki mpaka lijae. Uzi uliokazwa kupita kiasi ni kama mtu mwenye hasira, kitu kidogo tu kinatosha.

Na hili shikeni sana, kwa sababu ndilo watu wasilolipenda. Uzi mmoja ukikatika, usiiache raketi hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Chukua mkasi, kata zote, papo hapo, ukianzia katikati kwenda pembeni. Zilizobaki zinavuta upande mmoja, na fremu inapinda. Inauma kukata nyuzi ambazo bado nzima. Najua inavyouma. Kata.

Haya, sasa nije kwenye aibu yangu, ambayo wenzangu wa zamani wakikutana nami sokoni bado wanagusa paji la uso bila kusema neno.

Newala tuko ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, na upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma hauna adabu. Kinyoya ukikipigia nje utakifuata Tandahimba. Kwa hiyo sisi tulichezea ndani ya ghala la korosho, katika ile miezi ambayo ghala ni tupu na watu wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa. Sakafu unafagia, kamba ya wavu unafunga nguzo hadi nguzo, na harufu ya magunia unaizoea. Kila mwaka miezi hiyo Masasi walipanda kuja kwetu kushindana. Walikuwa wametufunga miaka miwili mfululizo, na waliposhuka kwao walipiga honi mpaka mwisho wa mteremko.

Mwaka huo Mkuu aliapa. Mkuu wetu alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye suti, naye mwenyewe alikuwa mchezaji wetu wa kwanza. Alikuwa na desturi moja: kila anapotaka kuanzisha, alifumba macho na kuibandika raketi kwenye paji la uso, akanong'ona dua, kisha ndipo apige. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaniita ofisini.

"Mama Shaibu, umekuwa kibarua kwetu miaka mingapi?"

"Minne, Mkuu."

"Barua yako ya ajira hii hapa mezani. Raketi zikisimama vizuri siku ya Jumamosi, Jumatatu naisaini."

Shaibu wangu alikuwa anaingia sekondari mwaka ule na nyuma yake walikuwapo wawili. Ile barua niliiona hata nikifumba macho.

Mzee Halfani akaziwamba raketi zote saba upya. Akazipiga kwa ukucha moja moja, zote zikasema. Nikazipeleka stoo siku ya Jumatano, nikazipanga mezani, nikakaa kuzitazama. Hapo ndipo nilipokosea, kukaa. Ningekwenda zangu nyumbani kutwanga, yasingetokea. Nilizitazama, nikaogopa. Je, zikikatika? Akili nyingi huondoa maarifa, na siku ile akili zilinijia zote kwa pamoja.

Nyumba ya marehemu bibi yangu nguzo zake zilipakwa mafuta meusi ya ganda la korosho, yale yanayotoka tukikaanga korosho kabla ya kubangua. Mchwa hawakuzigusa tangu mama yangu ni msichana. Na Mzee Halfani mwenyewe kamba za vitanda alikuwa akizipaka nta zidumu. Basi nikasema, kilichotunza nguzo kitashindwaje kutunza uzi? Nikaenda nyumbani, nikarudi na chupa.

Msidhani sikujua kwamba mafuta yale yanaunguza. Mtoto gani wa huku hajang'ata korosho mbichi akavimba mdomo? Nilijifunga mfuko wa plastiki mkononi, nikachukua unyoya wa kuku, nikapaka uzi kwa uzi, raketi saba. Mfuko ukatoboka, nikaendelea. Nikapangusa kwa kitambaa. Halafu, kwa kuwa mipini nayo ilikuwa imefifia, nikaipitishia kitambaa kile kile. Mpaka Jumamosi zilikuwa zimekauka, zinang'aa kahawia kama mbao ya mlango mpya. Nguzo ikikauka haimuunguzi mtu. Nilisahau kwamba nguzo haitoi jasho, wala mkuu wa chuo haibandiki usoni.

Jumamosi Masasi wakaja, ghala likajaa. Wachezaji wetu waliponipokea raketi walisifu. "Mama Shaibu, leo umezipiga rangi!" Nikajitanda khanga vizuri, nikakaa mstari wa mbele. Mgema akisifiwa, jamani.

Mkuu akasimama, akafumba macho, akabandika raketi kwenye paji la uso. Akaanzisha. Kinyoya kikaenda, kikarudi, kikaenda. Akafumba tena, akabandika tena. Mara ya nne au ya tano hivi, *ta!* Uzi umeachia. Akabadilisha raketi. Akabandika. *Ta!* Kwenye mchezo wa wawili wawili, ta, ta, kabla hata hawajapata jasho. Wala hazikukatika kwa kishindo kama nyuzi zenye heshima. Zilikatika kwa uvivu, kama zimechoka kuishi. Nahodha wa Masasi, mtu muungwana, akasema watatuazima raketi. Mkuu akavuta pumzi. "Ahsante. Tuna akiba." Akiba ilikuwa ile moja aliyoishika, na ilikuwa imebakiza nusu ya nyuzi.

Wakati huo wachezaji wetu wote walikuwa wanajikuna viganja. Mmoja anapulizia mkono, mwingine ameukandamiza ukutani kwenye ubaridi. Na pale kwenye paji la uso la Mkuu ikaanza kujitokeza. Mwanzo wekundu tu. Kisha mistari. Kisha, Mungu nisamehe, vijiraba. Vidogo, vimepangika, juu, chini, juu, chini. Nilivitambua. Ilikuwa kazi ya Mzee Halfani kabisa, hakuna uzi uliorukwa. Mgeni mmoja wa Masasi akaniinamia na kuniuliza, kwa adabu kabisa, kama Mkuu wetu anatoka kwenye ukoo unaochanja uso.

"Maji!" mtu akapiga kelele. Maji Newala! Yalikuwapo ndoo mbili, za chai ya wageni, na mpishi alikuwa anazilinda tangu Alhamisi. Walimsukuma pembeni wakazivamia. Na mafuta yale hayaondoki kwa maji, yanatembea tu. Aliyekuwa na mkono mmoja sasa akawa na miwili, na Mkuu yakamshukia mpaka kwenye nyusi. Mpishi akakaa chini akalia. Masasi walitufunga michezo yote, lakini si hicho kilichotuuma. Wageni walishuka Masasi bila chai. Hawakupiga hata honi, wakituhurumia.

Jumatatu Mkuu alikuja kazini amevaa kofia, ameivuta mpaka kwenye macho. Akamwita Mzee Halfani, nami nikaitwa nilete raketi. Barua yangu ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Mzee, nimekuamini miaka yote. Ulitufungia nyuzi gani? Kuanzia leo raketi zitarudi Dar es Salaam."

Mzee Halfani hakubishana. Akachukua raketi moja, akashika ncha ya uzi, akauvuta. Ukavutika, laini, ukanata kidoleni. Akaunusa. Kisha akanyanyua macho, akanitazama mikono. Ncha za vidole vyangu zilikuwa nyeusi na ngozi inabanduka. Nikaziingiza ndani ya khanga.

"Nyuzi hizi hazikukatika, Mkuu. Zimeliwa."

"Zimeliwa na nini? Panya?"

"Na kitu chenye akili nyingi kuliko panya."

"Nani?"

Mzee akavaa kofia yake. "Mimi nawamba, Mkuu. Silindi." Akaaga, akatoka.

Hakunitaja. Na mimi nikanyamaza. Nawaambia ukweli, vijana, nilisimama pale, nikaitazama barua, nikanyamaza. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, nikanyamaza. Jumanne nikanyamaza.

Jumatano nilikwenda sokoni kununua muhogo. Wanawake wawili mbele yangu walikuwa wanaongea. "Unataka kuwambisha kitanda kwa Halfani? Utaamkia chini. Hukusikia ya ghalani?" Mwenzake akacheka. Mzee yule alikuwa amewamba nusu ya vitanda vya mji ule. Watu walizaliwa juu ya mikono yake. Na mimi, niliyekula ugali wake barazani, nilikuwa nampokonya jina lake ili nipate barua. Muhogo niliuacha pale pale nikapandisha chuoni.

"Shikamoo, Mkuu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikatoa mikono kwenye khanga. "Nilizipaka mafuta ya ganda la korosho."

Akaivua kofia polepole. Vijiraba vilikuwa vimegeuka vyeusi.

"Mama Shaibu. Ulitaka kuniua?"

"Hapana, Mkuu. Nilitaka mchwa wasiingie."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, halafu akashika paji la uso, maana kucheka kulivuta ngozi, halafu maumivu yale yakamchekesha zaidi. Nami nilikuwa nalia. Katibu wake akachungulia mlangoni, akafunga haraka.

Alipotulia akasema, "Jina la mzee umelichafulia sokoni. Utaliosha sokoni." Akaichukua barua akaifungia kwenye saraka.

Basi siku ya soko nilikaa barazani kwa Mzee Halfani, mbele ya watu wote, na benchi na shazia, nikaziwamba raketi sita kwa mikono yangu yenye ngozi mbili. Kila aliyepita nilimwambia, ni mimi, si mzee. Mzee alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, hajapata kufurahi vile. "Waambie na unyoya ulikuwa wa kuku gani, Somoe." Watu walisimama mpaka njia ikaziba. Jioni ile alipata oda ya vitanda vitatu. Ya saba, raketi ya Mkuu mwenyewe, akainyakua mkononi mwangu akaiwamba yeye, kimya, uzi kwa uzi, akiupiga kwa ukucha na kusikiliza.

Nikampelekea Mkuu zote saba. Sita alizipokea. Ile ya saba akaitazama kwa mbali, akarudi nyuma hatua moja. "Kaa nayo wewe. Paji la uso ninalo moja." Kisha akafungua saraka, akanipa barua. Ilikuwa imesainiwa tangu Jumatano.

Niliitundika raketi ile ukutani kwangu. Mzee Halfani alipofariki, nikaipandisha juu zaidi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwanaidi alipokuwa mdogo aliililia siku nzima, nikampa sahani ya korosho anyamaze. Nilikuwa na mawazo kwamba maadamu nyuzi zile ziko nzima, mkono wa mzee uko nyumbani kwangu.

Mwaka huu, asubuhi moja, nimekaa uani namenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nikasikia ndani, *ta!* Nilijua kabla sijainuka. Hakukuwa na mtu wala paka. Uzi mmoja, katikati, umekatika wenyewe. Nikaishusha, nikaketi nayo kitandani. Nikachukua mkasi. Mimi niliyewaambia watu miaka yote, kata, papo hapo, usingoje, nilikaa na mkasi mpaka ming'oko ikakauka uani. Kisha nikakata, kuanzia katikati kwenda pembeni, na nililia kuliko nilivyolia ofisini kwa Mkuu. Mafundo yake hayakuwa yamelegea hata moja.

Ndipo nikamwelewa. Zinakufa kimya. Miaka yote ile pale ukutani, kwa kuzilinda zisiguswe, ni kama nilikuwa nimezipaka mafuta kwa mara ya pili.

Nimeiwamba upya, Mwanaidi. Macho yamepungua, lakini sikio bado, na nyuzi zote zinasema. Njoo uichukue Jumamosi. Nawa mikono huko huko Masasi kabla hujapanda basi, maana najua mnabangua korosho, na hapa maji hayajatoka tangu wiki iliyopita. Usiitundike. Ipige. Na zikikatika usinitumie picha kwenye simu, zilete mwenyewe, nizishike ncha zake nione kama zimekufa kazini. Ila ukifika mlangoni, mwanangu, shikamoo kwanza.